Mama asitolewe nje: jinsi ya kuwa na familia mtoto anapofariki ICU

Nimewaandikia wauguzi wanaoanza kazi ICU ya watoto, yaani wodi ya watoto mahututi, hasa wale wanaohamishwa ghafla kutoka wodi za watu wazima kwa sababu zamu imepungukiwa. Mashine ya kupumulia utafundishwa. Kupiga hesabu ya adrenalini utafundishwa. Utakachokosa ni mtu wa kukukalisha chini akuambie ufanye nini na mama aliyeshika unyayo wa mwanawe wakati madaktari wameanza kuongea kwa sauti ya chini. Ninafanya kazi hii Dar es Salaam, na kuna jambo moja ambalo wenzangu wananijua nalo mpaka wananitania: mama asitolewe nje. Karibu yote ninayoyaeleza hapa ni namna ya kulifanya hilo liwezekane.

Desturi tunaijua. Mtoto anabadilika, pazia linavutwa, mama anasukumwa koridoni akiwa pekupeku na khanga moja. Huko nje anahesabu miguu inayopita chini ya mlango. Anaujua msiba wake kwa kumwona mhudumu akiingia na shuka safi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa atapiga kelele, atazimia, atatuingilia mikono. Hofu hizo si za kwetu tu. Hospitali ya Foote huko Jackson, Michigan, ilianza kuwaruhusu ndugu kubaki wakati mgonjwa anashtuliwa moyo tangu mwaka 1982, na walianza kwa sababu familia zenyewe ziliomba. Mwaka 2013 Wafaransa walichapisha utafiti wa ndugu 570 ambao mgonjwa wao alifufuliwa moyo nyumbani na timu ya gari la wagonjwa. Miezi mitatu baadaye, waliopewa nafasi ya kuwepo walikuwa na dalili chache za kiwewe, na kazi ya timu haikuharibika. Ni kweli wale walikuwa wagonjwa wazima, na nyumbani si ICU. Lakini sijaona bado utafiti unaoonyesha kwamba koridoni ni pazuri zaidi kwa mama.

Usimlazimishe kubaki, vilevile. Muulize. Wapo wanaosema, "Sista, siwezi, nikae na dada yangu hapo nje," na hilo nalo ni jibu. Akibaki, apangiwe mtu mmoja ambaye kazi yake ni yeye tu: hashiki dawa, hakandamizi kifua. Mtu huyo anasimama naye upande wa kichwa au wa mkono wa mtoto, pale ambapo toroli halipiti, na anamweleza kwa sentensi fupi kinachofanyika: "Sasa wanausaidia moyo. Sasa wanampa dawa." Zamu ikiwa na wauguzi wawili tu, mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi, au mhudumu wa wodi mwenye moyo wa utu uzima. Nimeona wahudumu wakifanya kazi hii vizuri kuliko madaktari.

Maneno, na mapema

Mama hawezi kubaki kwa utulivu kama habari ndiyo kwanza anaipata. Kwa hiyo kazi inaanza siku kadhaa kabla, pale timu inapoona kwamba dawa zinaongezwa na mtoto haongezeki. Mwombe daktari aite kikao. Si pembeni ya kitanda huku amesimama na faili: tafuteni chumba, hata kama ni stoo ya dripu, wekeni viti, simu ziwe kimya. Wewe muuguzi uwepo, kwa sababu daktari akiondoka ni wewe utakayeulizwa, "Amesema nini?"

Kwanza mwulizeni mama yeye anaonaje. Mara nyingi anajua. Mama mmoja wa Mbagala alimjibu daktari kabla hajamaliza swali: "Tangu juzi hanitafuti kwa macho." Baada ya jibu kama hilo hakuna haja ya mzunguko.

Usiseme "hali yake si nzuri". Ameambiwa hivyo tangu siku mnampokea, na mtoto bado alikuwa hai kila asubuhi. Usiseme "tunamwachia Mungu": mmoja ataelewa mmeacha kumtibu, mwingine ataelewa kuna tumaini jipya. Neno kufariki litamkwe. "Mama, tumetumia kila dawa tuliyonayo. Mapafu yake yamechoka, hayarudi. Tunaona mtoto atafariki. Inaweza kuwa leo usiku, inaweza kuwa kesho au keshokutwa." Halafu nyamaza. Kimya hicho kitakuchoma, na utataka kukijaza na maelezo ya damu na figo. Kiache. Atakapouliza ndipo ujibu, na swali la kwanza karibu kila mara ni hili: anaumia?

Kwenye mazungumzo msimwite "mgonjwa" wala "kitanda namba nne". Mtoto ana jina, na mama naye aitwe kwa jina la mtoto huyo, hata baada ya kifo. Hasa baada ya kifo.

Sasa, familia zetu si mama na baba tu. Kuna baba mkubwa atakayekuvuta pembeni: "Sista, mama yake asiambiwe, ataanguka hapa." Usibishane naye mbele ya watu. Mwamkie vizuri, kisha: "Baba, nimekuelewa, unamlinda. Ila yeye ndiye anayelala hapa kwenye kiti, ameshaona kila kitu. Tukimficha tutamwacha peke yake na anachokijua. Nakuomba ukae karibu naye daktari anapoongea." Umempa kazi, na mzee mwenye kazi hagombani. Kwa upande mwingine, usimpitie baba mkubwa ukadhani umemaliza kwa kuwa yeye ndiye anayelipa. Mama asikie kutoka kwenu, siyo kwa shemeji yake getini.

Baba huwa mbali: mgodini Geita, au na lori karibu na Tunduma. Apigiwe kabla, siyo baada. Mwambie wazi kwamba akiweza kupanda basi la leo, apande la leo. Asipoweza, simu ya video iwekwe karibu na sikio la mtoto. Akina baba wengi hawajui waseme nini. Waambie waseme jina lake na waseme wao ni nani, inatosha. Niliwahi kumsikia baba akimweleza mwanawe bei za matikiti barabarani mpaka bando likaisha. Mpigie tena kwa bando lako kama lipo.

Wanaposema wanasubiri muujiza

Usilete elimu ya mapafu hapa. Anayesubiri muujiza hajakuambia kwamba hakuelewa. Amekuambia anamtegemea nani. Mimi husema, "Na mimi ningefurahi kuuona. Wakati tunaomba, mnakubali tuhakikishe haumii?" Sijakutana na aliyekataa. Kikundi cha maombi kinaweza kuingia wawili wawili, sauti ya chini kwa sababu ya watoto wengine, na mafuta yasipakwe karibu na oksijeni. Hirizi au uzi mweusi ukiukuta mkononi, usiukate. Kama unabana kanula ya dripu, mwombe bibi mwenyewe auhamishie mguu wa pili.

Wakristo watauliza habari ya ubatizo. Padri au mchungaji aitwe, lakini saa nane usiku hafiki. Kanisa Katoliki linakubali, wakati wa hatari ya kufa, mtu yeyote amwagie mtoto maji kichwani akisema anambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na hata wewe Mwislamu ukifanya kwa nia hiyo, ubatizo unasimama. Wazazi waombe wenyewe, usiwawahi. Maji ya kuchanganyia dawa yanafaa, yapashe kidogo. Andika saa na jina kwenye faili, parokia watahitaji. Kwa Waislamu, muulize baba au babu kama wangependa kitanda kielekezwe kibla. Karibu vitanda vyote vina magurudumu, ni suala la kusogeza mirija kwa uangalifu. Yasini isomwe taratibu pembeni yake. Kama hakuna msomaji, simu ipo.

Swali gumu zaidi ni la mashine. Kwetu, mara nyingi tunachokubaliana ni kutoongeza: dawa za moyo zibaki zilipo, moyo ukisimama tusikandamize kifua. Kuondoa mashine kabisa ni nadra zaidi, na daktari bingwa ndiye anayeongoza, siyo wewe. Lakini utaulizwa wewe kama ni dhambi. Jua mawili. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kumrefushia mtu uhai. Na mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, lilipokaa Amman, liliruhusu kuondoa mashine pale madaktari wanapothibitisha kwamba ubongo wote umekufa bila kurudi. Uyajue ili usiseme uongo, kisha umwite sheikh au padri aseme yeye. Fatwa ya muuguzi haimpi mtu usingizi.

Maumivu

Mtoto anayekaribia kufariki asiumie, na asihangaike kutafuta pumzi. Morfini inafanya yote mawili. Hofu kwamba inaua bado ipo, hata kwa madaktari vijana, lakini ikianzishwa kwa dozi ndogo kwa kilo na kupandishwa kwa kumtazama mtoto, inatuliza bila kumwahisha. Mama umwambie hivyo kabla hujaishika sindano, maana ameshasikia jina hilo kwenye habari za madawa ya kulevya. Uganda tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, wanaruhusiwa kuiandika wenyewe. Kwetu karatasi ni ya daktari, kwa hiyo usingoje saa saba usiku daktari wa zamu akiwa theatre. Saa kumi jioni hakikisha imeandikwa: dozi ya kawaida, na dozi ya kuongeza akihangaika.

Pitia orodha ya vinavyomsumbua na uulize daktari kipi kiondoke. Damu ya kila saa sita inapimwa ili iweje? Kipimo cha sukari kwenye kidole? Presha inayobana mkono kila dakika kumi na tano? Mdomo, hata hivyo, usiusahau: pamba yenye maji kwenye midomo kila baada ya muda, na hii mwachie mama aifanye. Mikono yake imekaa bure tangu mmempokea mtoto.

Saa za mwisho

Zima sauti ya monita. Kama haizimiki kabisa, geuza kioo kikuelekee wewe, kwa sababu mama atamtazama yule mstari wa kijani badala ya kumtazama mtoto. Vuta pazia. Kama halipo, mashuka mawili na plasta. Tafuta kiti chenye mgongo.

Halafu mpakate. Hili ndilo wauguzi wapya wanaogopa, na linawezekana hata mpira wa kupumulia ukiwa kooni. Mnahitajika watu watatu: mmoja anashika mpira na kichwa, mwingine mwili, wa tatu mirija ya dripu. Mama akae kwanza, mto chini ya mkono wake, ndipo mtoto aletwe kwake, siyo yeye ainuke. Bandika mirija begani kwake kwa plasta ili asiogope kupumua. Khanga yake impitie mtoto, ile aliyolalia, yenye harufu ya nyumbani.

Mwambie atakachokiona kabla hajakiona. Miguu itakuwa ya baridi na ngozi itaingia madoa ya zambarau. Pumzi zitapishana: atavuta, atanyamaza muda ambao wewe utadhani ndiyo mwisho, kisha atavuta tena. Kooni kunaweza kukoroma. Ni mate anayoshindwa kumeza, na mlaze ubavu kidogo badala ya kuingiza mrija wa kunyonya mpaka ndani. Kama mashine inaondolewa, dawa itangulie, plasta za usoni zilowekwe mafuta ili zisimchune, na usitoe ahadi ya muda. Wengine dakika, wengine mpaka asubuhi. Familia iliyoambiwa "dakika chache" inateseka saa ya tatu ikifikiri kuna kosa.

Ndugu zake wadogo, kama sheria ya wodi inawazuia, zungumza na muuguzi kiongozi mapema. Mtoto wa miaka sita anaweza kuingia kuaga akiwa na shangazi yake. Aambiwe kaka anafariki, mwili wake umeacha kufanya kazi. Asiambiwe amelala, la sivyo usiku mtapata kazi ya kumlaza yeye.

Daktari akishasikiliza kifua na kutaja saa, asitoke mbio. Aseme, "Amefariki. Poleni sana." Mama akilia kwa sauti, aliye. Najua kuna watoto wengine humo ndani. Wanaweza kustahimili kilio kwa nusu saa. Jipange tu asijigonge, na kuwe na mtu wa kumshika.

Baada yake

Usimwite mhudumu wa mochwari kwanza. Muulize mama kama anataka kumshika zaidi, kumfuta, kumbadilisha pampasi. Leta beseni la maji ya uvuguvugu, mpe kitambaa. Familia ya Kiislamu itamwosha wenyewe kwa taratibu zao, kwa hiyo wewe futa tu damu na plasta, funga macho, nyoosha viungo, umfunike. Wale wanaotaka alama, kidau cha wino cha ofisini na karatasi nyeupe vinatosha kuchukua unyayo. Uliza kwanza, wapo wasiopenda. Picha ni ya familia kwa simu yao. Kwa simu yako, hapana, na kwa kundi lolote la WhatsApp, hapana kabisa.

Karatasi zinaumiza kuliko watu wanavyodhani. Hospitali inatoa kibali cha mazishi. Cheti cha kifo chenyewe ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, na ndugu waambiwe hivyo ili wasizunguke. Wanaotaka kuzika leo kabla ya magharibi hawana muda wa kumtafuta daktari aliyeenda kula, kwa hiyo asaini kabla hajatoka wodini. Wanaosafirisha kwenda mkoani wanahitaji kibali cha kusafirisha na mwili kuwekewa dawa. Kama ni ajali au kuungua na kuna PF3, ile fomu ya polisi, waambie mapema kwamba huenda polisi wakataka uchunguzi wa mwili, wasikute habari hiyo mochwari. Kuhusu deni, afisa ustawi wa jamii aitwe mtoto akiwa bado hai. Serikali imeshakataza zaidi ya mara moja kuzuia mwili kwa sababu ya bili, lakini katazo hilo halimfikii mjomba anayebishana dirishani pa malipo peke yake. Nenda naye, au mtume mtu.

Kisha kuna maziwa, ambayo hakuna anayeyataja. Mama aliyekuwa ananyonyesha ataamka kesho kutwa kifua kimejaa, na nguo zitalowa msibani mbele ya watu. Mwambie kabla hajaondoka: sidiria ya kubana kiasi, asijifunge khanga kwa nguvu kifuani kama atakavyoshauriwa; kitambaa cha maji baridi; akamue kidogo tu apate nafuu, siyo mpaka yaishe; paracetamol kwa maumivu. Akipata homa au sehemu nyekundu ya moto kwenye ziwa, aende kituo cha afya. Mwambie na bibi pia, maana mama hatakumbuka hata neno moja.

Kina mama wa vitanda vya jirani wameona kila kitu kupitia upenyo wa pazia. Wamekuwa wakigawana chai na huyu mwenzao, sasa wanaogopa kumwangalia. Wapitie mmoja mmoja, waambie kilichotokea kwa neno lake, na waambie mtoto wao yukoje leo. Wakitaka kwenda kumpa pole, usiwazuie kwa habari ya saa za kuona wagonjwa.

Simu ya kwanza piga baada ya wiki mbili hivi, siyo siku ya tatu wakati nyumba bado imejaa watu. Wasiojibu, jaribu mara nyingine jioni. Utasikia maswali waliyoshindwa kuuliza siku ile: je, tungemleta mapema? ile sindano ya mwisho ilikuwa ya nini? mdogo wake naye apimwe? Usiyajibu ya kitabibu kwa kubahatisha. Wapangie siku waje waonane na daktari aliyemtibu, mchana, kwenye kile chumba chenye viti, na uwaambie masjala lile faili lisipelekwe stoo mpaka siku hiyo ipite.